Nyumba Isiyosemwa

Mwezi wa pili, theluji ikiwa bado juu ya mapaa ya mji wa Čačak, huko Serbia, mke wa Zvonko alibadilika rangi. Jasna, aliyekuwa mweupe kama jibini, akawa wa kahawia usoni, shingoni na mikononi.

Mama mkwe wake, Vidosava, alikuwa na fahari moja tu duniani: nyumba isiyosemwa. Mwanawe Zvonko aliendesha lori huko Austria, na yeye alifagia mbele ya mlango kabla jirani hajafungua dirisha. Sasa jirani huyo, Ljubinka, alikuja kunywa kahawa, macho yote kwa Jasna.

"Haya bibiye, bahari ya Ugiriki ina joto mwezi huu?"

"Sijaenda popote, mama. Hata ngazi zinanishinda."

"Mmh! Basi jua la Čačak limekupenda peke yako."

Jasna akacheka kwa shida. Alikuwa amekonda, na asubuhi ile alikuwa ameshatapika. Akaenda kibandani, kwenye pipa la kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, akachota maji yake kikombe kizima, akayagugumia mbele ya mgeni. Kisha cha pili.

Ljubinka akashusha kahawa yake taratibu. Hakuna asiyejua nani hunywa maji ya kabichi asubuhi: ni yule aliyelala na chupa ya rakija, pombe kali ya matunda.

"Pole, Vido," alinong'ona mlangoni. "Marehemu shemeji yangu alianza hivihivi."

Kufikia Jumapili, kanisani habari ilishaiva: Zvonko yuko barabarani, mkewe ana hawara, humpeleka baharini na kumnywesha. Vidosava alilala chumba cha pili na hakuwahi kumkosa mkwewe hata usiku mmoja. Hata hivyo, naye akaamini. Umbea una nguvu hiyo, humnyang'anya mtu macho yake mwenyewe.

"Mwanangu, unakunywa?"

"Nina hamu ya chumvi tu, mama. Nisipoipata, miguu inaisha nguvu."

"Wote husema hivyo."

Jumatatu alfajiri Vidosava aliburuta pipa hadi mtaroni akalimwaga lote, kisha akalifungia kabatini kopo la chumvi. Siku hiyo alifagia huku akiimba.

Jumatano Jasna alianguka jikoni, baridi, hasemi.

Hospitalini, daktari wa zamu hakuuliza habari za bahari. Alimfunua mdomo, akaona fizi zina madoa meusi. Akamkunjua kiganja, mistari yake ilikuwa kama imechorwa kwa wino. Hata kovu la upasuaji wa kidole tumbo lilikuwa limekolea weusi.

"Jua haliingii kwenye fizi, mama," alisema. "Kuna tezi mbili juu ya figo. Zake zimeacha kutoa homoni. Ngozi hugeuka hivi, na chumvi ya mwili huishia kwenye mkojo. Ameugua miezi mingi, nashangaa alitembeaje. Alikuwa anakula nini?"

Vidosava alikuwa anatazama dripu.

"Hiyo ni nini?"

"Maji na chumvi, pamoja na dawa ya homoni. Mmewahi. Vidonge atameza maisha yake yote, lakini hataanguka tena hivi."

Nje ukumbini Ljubinka alikuwa ameshafika, na machungwa mkononi.

"Vido, ni pombe, eti?"

"Si pombe. Ni mimi." Vidosava alikuwa analia waziwazi, mbele ya watu. "Nimemwaga kilichokuwa kinamweka hai, ili nyie msinicheke. Kawaambie wote, Ljubinka. Usipunguze hata neno!"

Ljubinka hakumwambia mtu. Habari yenyewe haikuwa na bahari wala hawara, nani angeisikiliza?

Mwezi wa sita Jasna alianza kurudia weupe wake. Mtaa mzima ukamhurumia: maskini, bwana wake wa baharini kamwacha. Vidosava aliwasikia wakisema hivyo chini ya dirisha. Aliacha ufagio palepale ulipokuwa, akaingia ndani kumpelekea mkwewe vidonge vya saa nane.