Mvua ya Jumatano

Siku ya kumi na nne Dorika aliinama tena nyuma ya ofisi, akatoa chupa ndani ya kipima mvua, akaiinua usawa wa macho. Vumbi, na buibui aliyekauka. Akaandika sifuri daftarini, chini ya sifuri nyingine kumi na tatu.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameifanya kazi hiyo, katika kituo kidogo cha hali ya hewa kando ya barabara ya Newala na Kitangari. Kila Jumatatu alipokea kwa simu ya upepo utabiri wa wiki kutoka Mtwara, akaunakili, akaubandika ubaoni. Watu walipanda kwa mwandiko wake. Asubuhi ile Mtwara walisema: jua wiki nzima, wakulima wasubiri.

"Andika mvua kubwa kuanzia Jumatano," alisema Bwana Christopher, mkuu wa kituo. Kwenye kiti cha wageni alikaa Mrisho, mmoja wa wafanyabiashara waliokuja na mbegu tangu biashara iachiwe watu binafsi. Mbegu za lori lake hazikuwa zimepungua hata nusu.

"Mzee, Mtwara wamesema..."

"Mama Basil." Alimkatiza Dorika, akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi. "Wizara inataka majina mawili ya kupunguzwa kazi. Nimeshaandika moja."

Mrisho alipuliza chai yake, akanywa.

Mume wa Dorika alikuwa nyumbani tangu kiwanda cha korosho kifungwe. Dorika akaandika.

Gundi haijakauka, jirani yake, mjane mmoja, akasimama mbele ya ubao. Hakujua kusoma.

"Shikamoo, Mama Abdulrazaki."

"Marahaba, mwanangu. Tangazo linasemaje?"

"Linasema mvua. Jumatano."

"Hayo ya karatasi. Nakuuliza wewe. Nipande?"

Pazia la ofisi lilisogea. Dorika alilitazama.

"Panda, mama."

Jioni ile mjane aliuza pipa lake la kukingia maji ya paa, akanunua mbegu za mahindi.

Jumatano jua liliwaka. Alhamisi likawaka. Wiki mbili baadaye, njaa ilipoanza kutajwa kwa sauti, Bwana Christopher alilitaka daftari lenyewe.

"Kesho wanakuja wakaguzi wa chakula cha msaada. Tangazo na daftari haviwezi kugombana."

"Mzee, hili ni la serikali. Watu watakufa."

"Kwani mimi nani? Andika."

Dorika akauandika upya ukurasa: Jumatano ile, milimita thelathini na mbili. Alhamisi, kumi na tisa. Wakaguzi walikaa robo saa, wakanakili, wakamsifu Dorika kwa mwandiko safi. Eneo limepata mvua ya kutosha, waliandika. Gari likashika njia ya Masasi.

Akirudi nyumbani, Dorika alimkuta Mama Abdulrazaki ameketi kizingitini kwake, kucha zimejaa udongo. Alikuwa ameshinda shambani akifukua mbegu moja moja, na sasa alikuwa anazisuuza.

"Usizipike, mama! Hizo zimepakwa dawa ya wadudu!"

"Nimesuuza mara tatu."

"Mama, hiyo ni sumu."

"Mvua si ilinyesha, Mama Basil? Nimesikia mmeandika." Hakumtazama. "Basi nipe mahindi yake."

Mjane aliyamimina maji yale polepole kutoka sufuriani, mekundu kama juisi, yakaingia kwenye ndoo. Hakuyamwaga; pipa la maji hakuwa nalo tena. Akaifunika ndoo kwa sahani, akaanza kuwasha moto.