Kung'oa Kupepesa

Kitu cha kwanza Dada kukiona kilikuwa kijikunjo chini ya jicho la kushoto la mdogo wake. Kiliinuka kidogo kabla jicho halijapepesa, kisha kikatulia. Mdogo wake alikuwa akijifunza kushona kwa fundi wa mtaani, na kwa sababu ya kupepesa huko wote walishazoea kumwita Kope.

"Inawasha kwanza," Kope alimwambia. "Kama chafya. Nikiizuia, inazidi."

Dada hakuwa msemaji. Kazi yake ilikuwa kukamua ng'ombe na kuwatoa kupe, na ng'ombe hawakumtaka maneno.

Fundi hakulipenda lile jicho. Alimfuata Mama Mkubwa, aliyewalea wote wawili, mpaka nyumbani.

"Mwanao anawakonyeza waume za watu. Wateja wananuna. Na kuacha anaweza, nimemwona mwenyewe. Akiingia mteja wa maana anatulia kama picha. Basi ni makusudi. Mwisho wa mwezi kama bado, abaki kwako."

Kutulia alikuwa anatulia kweli. Mteja akishaondoka, alikwenda nyuma ya kabati la vitambaa akapepesa mpaka machozi yakamtoka.

Jioni ile Mama Mkubwa alimgeuzia Kope uso dirishani, akakiangalia kile kijikunjo. Kilikuwa na miguu minane, ya rangi ya ngozi.

"Kumbe kupe tu," alisema, akashusha pumzi, akaenda kuleta kiberiti na mafuta ya taa.

"Usimchome, Mama," Dada alisema. "Ukimchoma anatapikia damuni. Na mafuta ni vilevile."

"Haya, daktari wa ng'ombe. Mtoe wewe."

Dada alinawa, akakiosha kibano. Alikishika kile kitu chini kabisa, pale kilipoingia kwenye ngozi, bila kukiminya tumbo. Akavuta kwenda juu, polepole, bila kuzungusha. Kikatoka kizima na kichwa chake. Alimsafisha Kope kwa maji na sabuni, akakitia kile kitu kwenye kopo lenye spiriti. Humo ndani kikaendelea kupepesa.

Jicho la Kope likatulia. Kesho yake bega la kulia likaanza kuruka.

Dada akakitoa cha begani, kikaja cha shingoni. Akatoa cha shingoni, ikaja sauti, kijiguno kama cha paka anayeota, na hicho alikikuta nyuma ya sikio. Vyote vilitoka salama, hakuna kilichoacha kichwa ndani. Kope akabaki na vidonda vidogo vidogo, na jicho likaanza upya.

"Unaona?" Fundi alimwambia Mama Mkubwa. "Leo jicho, kesho bega. Ugonjwa gani huo wa kuchagua? Mtoto anatuchezea shere."

"Hata mimi nimechoka," Mama Mkubwa alisema. "Akili anazo. Mstari wake wa kushona umenyooka kuliko wangu. Angetaka, angeacha."

Kope alimletea Dada kibano. "Nitolee tena. Cha leo kiko mdomoni."

Dada alikishika kibano, akaviangalia vile vidonda vya Kope, akakirudisha mezani. Hakujua kufanya kitu kingine.

Mwisho wa mwezi alitoka zizini moja kwa moja, na mabuti yake, kwenda kumchukua Kope. Fundi alikuwa akishona. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi. Kope alisimama mbele yao ametulia tuli, jasho likimtiririka shingoni.

"Si huyo hapo, mzima kabisa," Fundi alisema. "Akikua akaacha mchezo, arudi."

"Hafanyi makusudi," Dada alisema. Cherehani ikaimeza sauti yake.

Fundi alikata uzi, akamwita mteja wa kwanza kuja kupimwa mkono.

"Hafanyi makusudi," Dada alisema tena, akiwa ameelekea mgongo wa mteja. "Anachofanya makusudi ni huku kutulia."