Matundu Manne

Masolwa aliingiza mkono ndani ya chombo hadi kwapani, akakwangua kwa kisu cha mkate, akatoa donge jingine la povu gumu. Lilipaswa kuwa jepesi kama lile lililomo ndani ya kuta za friji. Hili lilikuwa zito, limepiga weusi, na alipolikamua maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akaliweka kwenye karai, kisha akaandika ukutani kwa chaki: kumi na saba.

Kila donge lilikuwa na namba yake, na kila namba ilikuwa na mahali pake kwenye mchoro wa chombo aliouchora ukutani. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Alianza na baiskeli, akaja kwenye faibaglasi kwa kuharibu bodi za bajaji na kuzirudia, hadi alipojua kwamba kitu chenyewe husema kinaumwa wapi, ukikipa muda.

"Masolwa!" Advera alimwita kutoka kwenye kibanda chake cha maandazi, ng'ambo ya barabara ya Kwihara. "Hilo jeneza au hori la ng'ombe?"

"Pikipiki ya maji. Unaiendesha umesimama."

"Tabora hii hii?" Advera akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya, ukimaliza unipeleke Usoke!"

Masolwa alitabasamu, lakini Advera alikuwa amekwisha kugeukia wateja wake. Tangu mkewe Kabula afariki, majibu yalimjia yakiwa yamechelewa.

Mtu aliyeweza kungoja majibu hayo alikuwa mmoja tu: mzee Jaffer, mwenye duka la vitambaa mjini. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuja na chupa ya kahawa, akaketi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, akatazama kazi. Mara nyingi hawakuongea zaidi ya salamu, na ilitosha. Siku ambayo Jaffer hakutokea, Masolwa aliweza kuimaliza bila kuisikia sauti yake mwenyewe.

Chombo kilikuwa cha Alifya, binti yake Jaffer. Alipokiendesha amesimama kwenye bwawa la Igombe, wavuvi waliacha nyavu wakamtazama. Kisha kikaanza kuwa kizito, kikainamisha pua, mwisho kikakataa kabisa kuinuka. Jaffer aliona mikwaruzo chini ya mkia, akasema binti amekigonga kwenye mawe na sasa anadanganya. Alifya akasema hakugonga kitu. Mikwaruzo, alisema, ni ya kukiburuta ufukoni. Walisemana maneno mazito. Binti akapanda treni kwenda Dar, na huu ulikuwa mwaka wa nne hawapigiani simu.

Wiki iliyopita Jaffer alikileta kwa mkokoteni. "Kitengeneze tu, fundi." Hakusema ni kwa ajili ya nani.

Donge la kumi na saba lilitoka puani, na lilikuwa na michirizi ya kutu. Masolwa alinawa, akausoma ukuta. Mkiani, chini ya mikwaruzo yote, povu lilikuwa jeupe na kavu. Maji yalianzia mbele, chini ya bolti nne zilizoshika pete ya chuma.

Akafungua bolti moja. Haikuwa na hata chembe ya silikoni ya kuzuia maji. Washa yake, kile kibati cha duara chini ya kichwa cha bolti, ilikatwa kwa mkono kutoka kwenye debe la mafuta, na mkono ule aliufahamu. Miaka sita iliyopita Jaffer alitaka pete ya kufungia mnyororo, binti asikitoe chombo bila ruhusa. Masolwa alitoboa matundu manne asubuhi moja, akajisifu. Alidhani povu lenyewe lingezuia maji.

Angeweza kuziba, akapaka rangi, na asijue mtu. Aliitazama ile kreti kwa muda mrefu. Ikaadhiniwa alasiri, na baada ya sala Jaffer akaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi, marahaba. Umefika wapi?" Jaffer akaketi, akafungua chupa.

"Nimefika mwisho. Usimimine kwanza."

Jaffer akamimina. "Yale mawe yaliingiza maji mengi, eh? Nilimwambia yule mtoto, akanibishia."

"Si mawe, mzee." Masolwa akamwekea bolti kiganjani. "Maji yaliingilia hapa. Nilitoboa mimi, na sikuziba. Alifya hakugonga kitu."

Jaffer aliigeuza ile bolti. Kutu ikamwingia kwenye mistari ya kiganja.

"Una hakika?"

"Nimepima. Nyuma kote ni kukavu."

Kahawa ilipoa. "Mnyororo niliutaka mimi," Jaffer alisema, kwa sauti ya mtu aliye peke yake. Akainuka, akaondoka na bolti. Chupa akaiacha.

Siku tatu hakuja. Masolwa aliianika bodi juani, akaziba yale matundu, akachanganya dawa mbili za povu, akasimama kuliangalia likiumuka na kujaza uwazi, kisha likikauka. Chupa aliiosha, akaisimamisha juu ya kreti. Kila alasiri alizima grainda kwa muda, akaiwasha tena.

Siku ya nne alikuwa akilainisha pua alipoona kofia nyeupe getini. Jaffer hakuingia. Alikuwa ameipa karakana mgongo, simu ameishika mbele ya mdomo kama wazee wanavyoishika, sauti imefunguliwa yote. Katika mkono mwingine alikuwa na bolti.

Masolwa akazima grainda. Kisahani kikazunguka, kikapunguza mwendo, kikasimama. Ng'ambo, Advera alifungua mdomo kuita; Masolwa akamwinulia mkono.

Simu ikaita. Ikaita tena. Masolwa aliweka kiganja juu ya pua ya chombo, pale palipokuwa na matundu, akabaki hapo akisikiliza.