Alama za Darasa la B

Tangu Mwalimu Loveness aletwe shuleni pale Kharumwa, Mwalimu Anisia hakuwa na amani. Miaka kumi Kiswahili cha Darasa la Saba kilikuwa chake, na sasa Mwalimu Mkuu Mwigulu alikuwa ametangaza: kati ya Sita A ya Anisia na Sita B ya Loveness, watakaofanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa ufahamu, mwalimu wao ndiye atapanda nao Darasa la Saba.

Watoto wa Anisia walisoma kwa sauti kama wasoma habari wa redio. Wa Loveness? Kutwa soga! Kabla ya kufungua kitabu anawaitia wageni: leo fundi baiskeli, kesho Mama Masalu muuza dagaa aliyekulia Nkome, kando ya ziwa. Na watoto walivyompenda! Hilo ndilo lililomkera Anisia kuliko yote, basi tu hakulisema.

Mtihani alitunga yeye. Kwa makusudi akachagua habari ya ziwani, maana watoto wa pale ni wa pamba na ng'ombe, ziwa hawalijui; hapo wangetegemea kusoma tu. Swali la mwisho liliuliza: kwa nini wavuvi wa dagaa walibaki nyumbani siku za mbalamwezi?

Aliposahihisha, Sita B karibu wote walikuwa na jibu moja: mwezi uking'aa, taa za mitumbwi hazivuti dagaa. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Wameibiana! Akazibeba karatasi mbio hadi ofisini.

Mwalimu Mkuu akamwita Vumilia wa Sita B. "Haya, nani kakupa jibu hili?"

"Shikamoo, Mwalimu. Tuliambiwa na Mama Masalu. Dagaa wanafuata taa gizani. Mwezi ukiwaka kote, taa wataifuata ya nini?"

Mwigulu akamgeukia Anisia. "Jibu lako wewe ni lipi?"

"Walikuwa wamechoka," Anisia akasema.

Vumilia akamtazama kwa huruma. "Mwalimu, Mama Masalu atakuja tena Jumatano. Njoo na wewe ukae."

Hakuwa na jeuri, na ndiyo maana iliuma. Anisia aliambiwa asahihishe upya kwa jibu la Mama Masalu, akaanza na darasa lake. Ya kwanza: wamechoka. Ya pili: wamechoka. Wote waliandika vilevile kama alivyojibu yeye, kwa mwandiko mzuri aliowafundisha mwenyewe. Akafuta alama za vyema alizowapa, moja moja, huku Loveness akicheka na watoto nje ya dirisha.