Nyota ya Mwisho ya Bouchta

Mvi zilikuwa zimeshamwingia Bouchta kichwani, naye bado anachonga vigae vya umbo la nyota. Katika karakana ile ya Fes, wachongaji hukaa na nyundo zao, na wapangaji hukaa mkekani mikono mitupu, wakipanga vigae kifudifudi mpaka pambo la ukuta likamilike. Jilali, ambaye Bouchta ndiye aliyemfundisha kushika nyundo, alikuwa amepandishwa kuwa mpangaji sasa, tena mwenye mdomo.

Asubuhi moja Bouchta alimwambia kwamba amechoka: akimaliza nyota moja tu, anaaga kazi.

Akaimaliza. Akaipapasa, akakuta ncha moja imepinda kidogo. Akaitupa, akachukua kigae kingine, akaanza upya.

Jilali akacheka. "Wee mzee, si unaondoka? Unajihangaisha na nini?"

"Anayeondoka ni mimi," Bouchta akafoka. "Nyota inabaki ukutani."

Fundi Seddik, mwenye karakana, alikuwa mlangoni na glasi yake ya chai ya nanaa, akisikia yote. Bouchta alipoimaliza nyota ile mpya, akamletea. Fundi akaipapasa ncha moja moja.

"Kesho nyundo iache nyumbani," akasema.

Bouchta akapandwa na hasira. "Hata hungoji niage mwenyewe, fundi? Unanifukuza?"

"Nikufukuze? Mpangaji anataka nyundo ya nini?" Kisha fundi akamgeukia Jilali. "Na wewe, sogea huko. Mwalimu wako apate pa kukaa."