Shukrani za Kokushubila

Mwaka ule wa kuhamishiwa vijijini, Saburi wa redio alifika Kishanda na mashine ya kurekodi, akaiweka mbele ya mkuu aliyetoka Bukoba kusikiliza wananchi. Wa kwanza kusema alikuwa Kokushubila, mjane wa Byabato. Sasa, kwa Wahaya huanzi na lawama. Watu watasema hukulelewa. Akapiga magoti, akaamkia kwa Kihaya kama mbele ya mkubwa.

"Kasinge, waitu. Tunashukuru kwa kutujia. Tumefurahi sana." Ndipo akatoa lililomkaba: "Lakini huko rweya mnakotupeleka, kwenye nyasi tupu, migomba haioti. Na kaburi la mume wangu hapa kibanjani, nimwachie nani?"

Makofi yakapigwa mpaka kuku wakakimbia.

Jumapili baada ya misa majirani walikusanyika kwa Datius, mwenye redio. Wakamsikia Kokushubila akishukuru, akifurahi, kisha makofi. Basi. Yaliyobaki Saburi aliyakata kwenye utepe kwa wembe.

"Na ile lakini yako?" Datius akauliza.

Kokushubila akafungua kinywa kujibu. "Tumefurahi sana," kikasema. Akajaribu tena. "Tunashukuru." Hasira zilimpanda mpaka machozi, na bado akashukuru.

Jumatano maneno yaliyokatwa yalifika kwa miguu kutoka Bukoba, yamejaa vumbi, yakaketi juu ya kaburi la Byabato na kuanza kuuliza kwa sauti ya Kokushubila mwenyewe. Akayatandikia nyasi, akayapa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote. Akaachama yarudi kinywani. Hayakurudi.

Wiki iliyofuata lori lilikuja, na karani mwenye orodha.

"Mama, unahama kwa hiari?"

"Tunashukuru kwa kutujia."

"Nimwachie nani?" sauti ikauliza kutoka kaburini.

Karani akatega sikio mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. "Hoja nzuri hiyo, Mama. Bahati mbaya haikutangazwa." Akaweka alama penye hiari.

Walipakia vyungu, mkeka na mbuzi. Sauti ikabaki, maana haikuwamo kwenye orodha.

Huko rweya migomba yake ikafa yote. Viongozi walimpenda mno. Kila mgeni alipofika, jamani, aliitwa yeye aseme. Jumapili aliteremka kibanjani kung'oa magugu kaburini. Sauti yake ilimwuliza, "Nimwachie nani?" Naye akapiga magoti, akaishukuru.