Asilimia Mia ya Dharura

Mama Pacha alipangusa kitanda kwa mkono wa kulia, na kwa kidole cha mkono wa kushoto akajibu swali. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye nguzo ya dripu. Daktari wa kwenye video, shati jeupe na meno meupe, aliganda katikati ya neno, kinywa wazi kama samaki wa sokoni, kisha akazinduka na kuuliza:

"Mgonjwa ambaye moyo wake umesimama alazwe juu ya nini?"

Akabonyeza: kitu kigumu. Simu ikalia kengele, nyota za dhahabu zikamwagika kioo kizima.

"Hongera, daktari bingwa," alisema Shangazi, nesi mkongwe wa chumba cha dharura, akipita na beseni. "Nyota zikijaa wanakupa ndege?"

"Wananipa mkataba, Shangazi. Nikimaliza leo."

"Na usipomaliza?"

"Nitakaa nyumbani nimtazame mama mkwe anavyonitazama."

Wakacheka, lakini Mama Pacha alicheka huku anabonyeza. Alikuwa nesi msaidizi wa muda. Mumewe alikwenda kutafuta kazi mbali, na mpaka leo hajaipata wala hajarudi. Pacha walikuwa wanalelewa na bibi yao, ambaye kila jioni alisema "Mungu ni mwema" kwa sauti ya mtu anayemkumbusha Mungu deni. Hospitali ilikuwa imetangaza kwamba wafanyakazi wote wa muda watakaomaliza Kozi ya Kidijitali ya Huduma za Dharura watapewa ajira ya kudumu. Mwisho wa kumaliza ulikuwa leo jioni. Kifurushi cha intaneti kila mtu alijinunulia. Siku hizi kifurushi kimepanda kama mkaa, na nyumba nyingi ilibidi zichague kimoja kati ya hivyo viwili.

Zamani mafunzo hayo yalitolewa na metroni mmoja mkali, aliyekushika vidole na kukukaripia mpaka mikono ikazoea. Akastaafu. Mahali pake akaletwa Mratibu wa Mafunzo ya Kidijitali, mwanamume wa makamo mwenye tai na kitambulisho kikubwa kuliko kifua chake. Wauguzi walimwita Bwana Asilimia, kwa sababu hata ukimpa habari ya msiba angekuuliza ni wa asilimia ngapi. Hajawahi kumshika mgonjwa, na hilo alilitaja kama sifa.

Pamoja naye lilikuja sanamu la kujifunzia, mtu mzima wa mpira, kifua kinachobonyea na mdomo unaopokea pumzi. Likawekwa kwenye chumba cha vioo, ndani ya nailoni yake, likimngojea mgeni rasmi alizindue. Wiki iliyopita Mama Pacha alikwenda kuomba.

"Mkuu, tunaomba tuliguse kidogo. Video tunaiona, lakini mikono haijui."

"Likichakaa kabla ya uzinduzi, mgeni azindue nini? Akuzindue wewe?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Kicheko cha mbele ya bosi hakina ladha, lakini hutolewa.

Basi leo asubuhi kulikuwa na mazoezi ya uzinduzi. Tangazo likapita: wauguzi na madaktari wote waende ukumbini kujifunza watakaa wapi, watasimama lini, watapiga makofi wakati gani. Simu ziachwe kwenye kapu mlangoni, zisije zikanyonya mtandao wa kurushia sherehe. Chumba cha dharura abaki Mama Pacha, kwa kuwa bado hajamaliza kozi, na nesi mmoja mdogo wa kumsaidia.

"Wanaondoka wote?" aliuliza Mama Pacha.

"Wanakwenda kujifunza dharura," alisema nesi mdogo. "Dharura yenyewe wametuachia sisi."

Hawakuwa wamemaliza kutandika shuka wakati pikapu ilipoingia kwa kelele mpaka kwenye ngazi. Mafundi watatu wa kuchomelea mageti waliruka, wakashusha mlango wa chuma ambao haujapakwa hata rangi. Juu yake alilala mwenzao, buti moja mguuni, midomo imegeuka rangi ya majivu. Umeme ulikuwa umempiga.

"Dada, huyu mdogo wangu!" alilia mmoja wao, mwanamume mnene mwenye miwani ya giza juu ya paji la uso. "Sasa hivi tu! Sasa hivi alikuwa anaomba maji!"

Walimweka na mlango wake sakafuni.

"Msimlaze hapo chini!" alisema Mama Pacha. "Mpandisheni kitandani. Haraka!"

Kwa sababu mgonjwa hulazwa kitandani. Hivyo ndivyo alivyoona tangu aanze kazi, na hata kwenye video kila mgonjwa alikuwa kitandani. Wakampandisha. Mama Pacha akaweka viganja katikati ya kifua, akanyoosha viwiko, akakandamiza. Godoro la sponji likazama. Akakandamiza kwa nguvu zaidi, nalo likazama zaidi, likamrudisha juu, likazama tena, na kitanda kizima kikalia kama bembea. Kifua chenyewe hakikubonyea. Nguvu zake zote zilikuwa zinaliwa na sponji.

"Kaite watu!" alimwambia nesi mdogo. "Kimbia!"

Nesi mdogo alikimbia. Mlinzi wa ukumbi akamzuia kwa mkono.

"Mazoezi yanaendelea."

"Mtu anakufa!"

"Subiri wamalize makofi."

Akawapigia; kwenye kapu simu zao ziliita, moja baada ya nyingine, zikamulika na kuzimika. Nesi mdogo akapita chini ya mkono wa mlinzi, akapiga kelele kutoka kwenye kizingiti, na ndipo Shangazi alipotoka mbio, viatu mkononi.

Hata salamu hakutoa. "Mshusheni chini! Sakafuni! Mnamkandamiza huyo au godoro?"

Wakamshusha. Sakafuni kifua kikaanza kubonyea chini ya mikono ya Mama Pacha, kama inavyotakiwa, na hapo mwili wake mwenyewe ukamwambia kwamba yote ya mwanzo yalikuwa bure. Shangazi akashika ule mfuko wa mpira wa kusukuma hewa. Daktari mmoja akafika kutoka ukumbini, akachukua zamu, akapokezana na Shangazi mpaka jasho lao likadondoka juu ya yule kijana. Kisha daktari akamulika macho yake kwa tochi, jicho hili, jicho lile, akainuka polepole.

"Poleni," akasema.

Kaka wa marehemu alivua miwani yake ya kazi, akaitazama kana kwamba hajui ni ya nani.

"Dada," akamwambia Mama Pacha, bila ukali. "Tulimleta kwenye chuma. Kwani ule mlango ulikuwa na ubaya gani?"

Jibu Mama Pacha alikuwa nalo asubuhi, na alipewa nyota.

Bwana Asilimia aliingia akirekebisha tai. Alimtazama marehemu aliyefunikwa shuka kama mtu anavyotazama dimbwi njiani, akamzunguka.

"Poleni sana. Mama Pacha, njoo. Umebakiza ukurasa mmoja tu."

"Sasa hivi, Mkuu?"

"Mgeni anakuja kesho, ripoti inakwenda leo. Chumba chenu kinakungoja wewe. Wenzako wote wameshabonyeza."

Akachukua simu kwenye nguzo ya dripu, akampa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maneno machache: *Nathibitisha kwamba nimefanya mazoezi haya kwa mikono yangu, juu ya sanamu, mbele ya mkufunzi.* Chini yake, Ndiyo na Hapana.

"Bonyeza Ndiyo, mkataba wako utatoka leo leo," alisema Bwana Asilimia. "Ni utaratibu tu."

Mama Pacha alimtazama Shangazi. Shangazi alitazama sakafu, maana naye alibonyeza Ndiyo mwezi uliopita. Akawafikiria pacha, na bibi yao mlangoni.

Akabonyeza Hapana.

Kengele haikulia. Bwana Asilimia aliitazama simu yake, na uso wake ukanywea. Mfumo aliupanga mwenyewe: mmoja akisema hapana, chumba kizima kinarudi mwanzo, ili watu wasukumane wenyewe kwa wenyewe.

"Mama Pacha, jamani," alinong'ona nesi mdogo. "Na sisi je?"

"Unajua umefanya nini?" alisema Bwana Asilimia. "Chumba kimerudi sifuri! Sifuri! Na wewe kazi huna!"

"Sifuri ndipo kilipo, Mkuu."

Mama Pacha aliweka simu mfukoni, akainama, akakunja ncha za shuka chini ya mabega ya marehemu.

"Kaka, shika miguu," akasema. "Kichwa nakishika mimi."

Wakamwinua. Bwana Asilimia alikuwa amesimama katikati ya mlango. Ilibidi asogee.